Baba anasimama njiani, anasema ni uzee

SWALI

Shikamoo Daktari,

Naandika kuhusu baba yangu. Ana miaka 64, na maisha yake yote amekuwa mtu wa kutembea; tulipokuwa wadogo ilibidi tukimbie ili kwenda sambamba na hatua zake. Tangu mwaka jana mambo yamebadilika. Akitembea dakika saba au nane, shavu la mguu wa kulia linambana. Anasema ni kama mtu amelikamata kwa mkono na kulikamua. Inabidi asimame. Baada ya dakika mbili tatu linaachia kabisa, anaendelea na safari, halafu akifika umbali ule ule linarudi.

Mwanzoni alituficha. Siku niliyogundua tulikuwa tunatembea wawili, akasimama na kuinama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Nilipotazama chini nikaona amevaa kandambili. Sikusema kitu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nilipomuuliza alijibu kwamba ni uzee, mguu uliombeba mtu miaka 64 una haki ya kuchoka. Mama anasema ni baridi yabisi. Kaka yangu alimnunulia zile soksi za kubana kwa sababu alisikia zinasaidia mzunguko wa damu, na baba amekuwa akizivaa hata usiku. Jioni mama anamwekea maji ya moto kwenye beseni, anatumbukiza miguu mpaka yapoe. Duka la dawa walimpa vidonge vya maumivu, diklofenaki, anavimeza kila anapotaka kutoka. Sisi watoto tumegawanyika: mmoja anataka apumzike kabisa asiuchoshe mguu, mwingine anasema akikaa ndiyo utazidi kuganda.

Kisukari alikutwa nacho miaka tisa iliyopita. Dawa anakunywa, lakini si kila siku. Presha hupimwa anapoumwa tu. Sigara amevuta tangu ujana, ila siku hizi amepunguza, anavuta tano au sita kwa siku.

Kuna jambo jingine dogo. Wiki tatu zilizopita alipokuwa akikata kucha alijikata kidogo pembeni ya kidole gumba cha mguu huo huo wa kulia. Bado hapajafunga. Mwenyewe anasema hapaumi, kwa hiyo hatujahangaika napo.

Je, ni kweli ni uzee? Na apumzike au atembee?

Binti mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye lile uliloliita jambo dogo. Kidonda cha wiki tatu kwenye kidole cha mguu, kwa mtu mwenye kisukari, anayevuta sigara, na ambaye mguu huo huo unambana akitembea, ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika. Maswali yako nitayajibu, lakini hilo lisisubiri. Ndani ya siku moja au mbili baba aonwe na daktari, na kama ipo hospitali yenye kliniki ya miguu ya wenye kisukari au daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, aelekezwe huko. Akipata homa, kidole kikigeuka rangi, kikitoa usaha au harufu, au uvimbe na joto vikianza kupanda kwenye wayo, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Neno "hapaumi" ndilo lililonitia hofu zaidi. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo polepole. Kidonda kinachouma humfanya mtu akihurumie, akikwepe, akiseme. Kisichouma hukanyagwa kila siku na hakuna anayekisikia kikilia. Na ili kidonda kifunge kinahitaji damu nyingi kuliko ngozi nzima inavyohitaji. Mguu ambao damu yake inatosha kwa shida tu kukaa bila jeraha unaweza usiwe na ya ziada ya kulifunga jeraha.

Sasa twende kwenye maumivu yenyewe.

Umenieleza kwa usahihi ambao wagonjwa wengi hawanipi: yanakuja akitembea, yanakuja baada ya umbali ule ule, yanakaa kwenye nyama ya shavu la mguu, na yanaondoka akisimama tu. Maelezo hayo yanaelekeza kwenye mishipa ya ateri iliyosinyaa, ile inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka miguuni. Msuli uliotulia unaridhika na damu kidogo. Ukianza kufanya kazi unadai mara kadhaa zaidi, na mshipa mzima hutanuka ukaipitisha. Mshipa uliosinyaa hauwezi. Kipenyo chake kikipungua nusu, nafasi ya damu kupita inabaki robo tu. Msuli unafanya kazi bila hewa ya kutosha, unalalamika, baba anasimama, deni linalipwa, maumivu yanakwisha. Akianza tena, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana umbali haubadiliki sana.

Ugonjwa huu si wa ajabu wala si wa familia yenu peke yenu. Zaidi ya watu milioni 200 duniani wanao, na wengi wao hawajui, kwa sababu wengine hawasikii maumivu kabisa na wengine wanasema kama baba yako.

Baridi yabisi haiji hivyo. Goti au nyonga yenye ugonjwa wa maungio huuma hata ukisimama, huuma asubuhi unapoinuka, leo inaweza kukusumbua kwa hatua kumi na kesho ukatembea nusu saa. Mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni nayo humsimamisha mtu njiani, lakini huyo akisimama wima hapati nafuu, mpaka akae au ainame mbele. Hapo nataka umwangalie baba vizuri. Kule kuinama kufunga kamba zisizokuwepo ninaamini kulikuwa kwa ajili yako, ili usijue. Muulize kwa upole kama akisimama wima tu, ameegemea hata ukuta, maumivu yanaondoka. Akisema ndiyo, ni la kumwambia daktari neno kwa neno.

Mahali maumivu yanapokaa nako kuna maana. Yakikaa kwenye shavu la mguu, mara nyingi mshipa wenye shida ni ule wa paja, juu ya goti. Yakipanda kwenye paja na makalio, shida iko juu zaidi, tumboni au kwenye nyonga, na kwa wanaume hali hiyo huweza kuandamana na kupungua nguvu za kiume. Hilo la mwisho baba hatakuambia wewe, na hapaswi. Mpe nafasi aingie kwa daktari peke yake kwa dakika chache.

Na uzee? Umri unachangia, sikatai. Lakini uzee peke yake haufungi mshipa wa mguu mmoja ukauacha wa pili. Kinachofunga ni mafuta na chokaa vinavyojijenga kwenye ukuta wa mshipa kwa miaka mingi, na vinavyoharakisha kazi hiyo baba yako anavyo: sigara, kisukari kisichotulizwa, na pengine presha na kolesteroli ambazo hamzijui kwa sababu hazipimwi. Watu hupenda kufananisha mshipa na bomba lenye kutu. Mimi mfano huo unanisumbua, maana ukiwaambia bomba wanaanza kutafuta cha kuzibulia, na wauzaji wa dawa za "kusafisha mishipa" hawako mbali. Uchafu huu hauelei juu ya ukuta ukasubiri kusuguliwa. Umo ndani ya ukuta wenyewe. Hakuna kinywaji kinachoutoa.

Jambo moja unaweza kulifanya wewe mwenyewe leo jioni. Mlaze baba chali, avue soksi, chumba kisiwe na baridi. Weka ncha za vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, juu ya wayo wake, kwenye bonde lililo kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole kinachofuata, karibu na katikati ya wayo. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake na kitakudanganya. Gusa kwa wepesi, subiri. Kisha jaribu nyuma ya ule mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu. Linganisha kulia na kushoto. Kisha inua miguu yote miwili juu kama dakika moja, utazame nyayo: unaopauka kuliko mwenzake ndio wenye njaa ya damu. Mshushe akae miguu ikining'inia, uone kama ule uliopauka unachelewa kurudi kisha unageuka mwekundu wa kuiva. Ukikosa mapigo sehemu moja usipige kelele, wapo watu wazima wenye afya ambao yale ya juu ya wayo hayapatikani kwa kidole. Ukiyapata pia usiahirishe safari ya hospitali. Lengo ni wewe uone kwa macho yako kile ambacho baba anakiita uchovu.

Hospitali wana kipimo rahisi mno kuliko watu wanavyodhani. Hakuna sindano. Mgonjwa analala, anapimwa presha ya mikono kwa mkanda ule ule mnaoujua, halafu mkanda unahamishiwa juu ya kifundo cha mguu, na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinasikiliza damu ikipita. Presha ya kifundo inagawanywa kwa presha ya mkono. Kama mkono ni 140 na kifundo ni 140, jibu ni 1, vizuri. Kama mkono ni 140 na kifundo ni 84, jibu ni 0.6, na hapo mshipa umesinyaa waziwazi. Jibu la 0.9 kushuka chini ni ugonjwa. Chini ya 0.4 ni hali mbaya. Lakini sikiliza hili, kwa sababu linamhusu baba hasa: kwa wenye kisukari cha muda mrefu ukuta wa mshipa huweza kukakamaa kwa chokaa mpaka mkanda ukashindwa kuubana, na jibu likatoka zuri la uongo, wakati mwingine hata kupita 1.4. Wakikuambia namba ni nzuri huku kidonda hakifungi, uliza kwa adabu kama wanaweza kupima presha ya kidole gumba cha mguu, au kumfanyia ultrasaundi ya mishipa. Una haki ya kuuliza.

Soksi za kubana, mvue leo. Kaka yako alikuwa na nia njema na wala asilaumiwe, ila alichosikia kinahusu mishipa mingine. Zipo vena, zinazorudisha damu juu kwenye moyo. Zikilegea miguu huvimba jioni na kuwa mizito, na kuinyanyua kunaleta nafuu. Huko soksi zinasaidia. Kwa baba shida ni damu kushindwa kushuka, na mguu ambao damu inaufikia kwa shida hauwezi kubanwa tena na kitambaa usiku kucha. Soksi hizo zinaweza kuua ngozi ya kisigino bila yeye kusikia. Asivae tena mpaka mishipa ipimwe na daktari aseme.

Maji ya moto nayo basi. Wayo wenye ganzi hauwezi kusema "yanachoma", na ngozi yenye damu haba ikiungua haiponi. Mama aoshe miguu ya baba kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko chake yeye, aikaushe vizuri katikati ya vidole, kisha aitazame. Ile beseni isiondoke, nayapenda sana mapenzi yaliyomo ndani yake. Ibadilike tu kazi, iwe muda wa kuikagua miguu kila jioni. Kidonda kisafishwe na kufunikwa kwa bandeji safi isiyobana, bila unga, bila dawa ya meno, bila majani. Na baba asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba.

Diklofenaki aache. Haifungui mshipa, na kwa mtu mwenye mishipa iliyosinyaa inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwenye kisukari inaweza pia kumuumiza figo.

Hapo nimegusa moyo, na nisingependa upite haraka. Wengi wenye maumivu ya aina hii hawaishii kupoteza mguu. Hatari kubwa zaidi juu yao iko kifuani na kichwani, kwa sababu mafuta hayakuchagua mshipa wa mguu peke yake. Yaliyojijenga pajani yanajijenga pia kwenye mishipa ya moyo na ya shingo. Kwa hiyo daktari akimwandikia baba statini ya kushusha kolesteroli, aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, na dawa za presha, asije akasema "mimi naumwa mguu, hizi za moyo za nini". Ni za mtu mzima mzima, na nyingi atazimeza maisha yake yote, kila siku, siyo siku anapojisikia vibaya. Asianze aspirini kwa kusoma barua hii. Daktari aangalie kwanza kama tumbo lake na dawa nyingine vinaruhusu.

Sigara tano ni pungufu ya ishirini, na kupunguza kumemgharimu, namheshimu kwa hilo. Lakini mishipa haikubali kupunguziwa. Kila sigara inaibana, na moshi wake unakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu ambayo tayari haitoshi. Anayeacha kabisa huwa amefanya jambo kubwa kuliko dawa yoyote nitakayoitaja. Amwombe daktari msaada wa kuacha, vibandiko au gamu ya nikotini. Nia peke yake humshinda mtu aliyevuta miaka arobaini, na si udhaifu.

Apumzike au atembee? Mwenzako anayesema atembee ana haki, lakini si wiki hii. Kidonda kikiwa wazi asikibebeshe uzito. Daktari akishaona damu inafika, kidonda kimefunga na moyo umepimwa, hapo kutembea kunakuwa dawa kamili yenye kipimo chake. Anatembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, si mpaka ashindwe. Anasimama au kukaa hadi yaishe kabisa. Anaanza tena. Hivyo hivyo kwa dakika 30 hadi 45, ukihesabu na mapumziko, angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Mwezi wa kwanza ataona kama hakuna kinachobadilika. Kisha siku moja atagundua amepita pale alipozoea kusimama. Mshipa uliosinyaa haufunguki kwa kutembea, ila msuli unajifunza kuitumia vizuri damu kidogo unayopata, na vijishipa vya pembeni huweza kutanuka vikasaidia. Mwanzoni tembea naye. Akisimama, simama, mwambie hakuna haja ya kutafuta kamba.

Zipo dalili mbili mnazotakiwa kuzijua nyumbani. Ya kwanza: maumivu ya wayo au vidole usiku, yanayomfanya aninginize mguu nje ya kitanda ndipo apate usingizi. Hiyo inaonyesha damu haitoshi hata akiwa amelala, na ni ya kupelekwa hospitali bila kungoja miadi. Ya pili haiwezi kungoja hata kifungua kinywa: mguu ukiuma ghafla, ukawa wa baridi, ukapauka, ukafa ganzi au kushindwa kusogea. Bonge la damu limeziba. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache, na saa sita ndizo madaktari wanazozihesabu. Hapo hakuna kuchua, hakuna kupasha moto, ni kukimbia.

Nimeacha mwisho kile ninachodhani ndicho kinachomfanya baba aseme uzee. Wazee wengi wanaamini ukiuonyesha mguu wako hospitali utarudi bila huo mguu. Mweleze hivi. Mwaka 1964, katika mji wa Portland huko Marekani, mwanamke wa miaka 82 aliletwa akiwa na mguu wenye kidonda na vidole vilivyoanza kuoza. Madaktari walitaka kuukata, akakataa katakata. Daktari Charles Dotter akapitisha mirija myembamba ndani ya mshipa wa paja uliosinyaa, akautanua bila kumpasua. Mguu ukapata joto, kidonda kikaanza kupona, akatoka hospitali akitembea kwa miguu yake miwili. Huo ndio mwanzo wa tiba inayofanywa leo kwa puto dogo na kibomba cha wavu cha kuuzuia mshipa usifunge tena. Isipowezekana, upo upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Sikuahidi kwamba baba atahitaji au atafaa kufanyiwa. Nasema kwamba miguu mingi inayokatwa ni ile iliyochelewa kuonyeshwa, na kidonda cha baba kina wiki tatu tu.

Mnapokwenda, chukueni dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na hizo diklofenaki, na uandike kwenye karatasi dakika anazotembea kabla ya kusimama na tarehe aliyojikata. Ukishapata ile namba ya kifundo, niandikie.